Galaksi ya Jéthro

Butembo, katikati ya mwezi wa kenda

Yaya Sophie, dada yetu mupendwa,

Bwana asifiwe. Ninakusalimia sana, wewe pamoja na shemeki Josaphat na mutoto wenu mwanaume ambaye sisi tunamujua kwa picha tu. Uko namna gani na afya? Kidonda cha operation kimefunga vizuri? Maziwa inatoka ya kutosha? Josaphat alituambia kama mutoto ananyonya kwa nguvu, na kama akilia jirani banagonga ukuta. Baba alicheka kusikia vile, kitu ambacho tangu siku nyingi hatukukiona katika hii nyumba.

Sisi huku tuko. Magoti inamusumbua Baba asubuhi juu ya baridi ya huu mulima, mais anatembea mwenyewe mupaka kanisani na kurudia. Providence ameanza mwaka wa pili wa masomo. Meno mbili ya mbele imetoka, na kila mara anauliza siku gani shangazi Sophie atamuletea mutoto amubebe. Mimi niko nashona. Batu ba Butembo, hata maisha ikuwe nguvu namna gani, habaachi kushonesha nguo za ndoa, na kwa hiyo tunakula.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu iko. Barua hii niliiweka katika mikono ya Mama Rébecca, ule wa kanisa letu mwenye anapandaka Kampala kununua vitenge. Nilimuomba asikupatie mbele ya batu, na akae karibu yako mupaka umalize kusoma. Kama ametoka, umuite kwanza arudie. Umupatie mutoto amushike. Kuko neno ambalo Baba alinituma kukuambia, na alisema nisikutupie lile neno kama jiwe, nianze kule lilianzia. Donc ninaanza na darubini.

Ile darubini uliyotutumia mwaka jana ilifika Beni, kule tulikuwa tunakaa, juu ya bisi ya Kasindi, miguu yake mitatu imefungwa pamoja na kitenge. Mudogo wako Jéthro aliipokea kama vile mutu anapokea mugeni mukubwa. Jioni ya kwanza aliisimamisha katika parcelle yetu, pale mbele ya nyumba, na mbele hajaona hata nyota moja, askari ba patrouille baliingia. Jirani mumoja alikuwa amekimbia kubaambia kama kwa mwalimu kuko silaha yenye miguu tatu. Mukubwa wao alikuwa kijana wa mbali, Swahili haikuwa inamutoka vizuri. Jéthro hakubishana naye. Aligeuza ile kitu kwa mwezi, akamuomba aangalie. Ule askari aliinama, kisha akaita benzake, mumoja nyuma ya mwingine. Wakati banatoka aliniambia, «Mama, likambo te, hakuna neno. Mwalimu aendelee.» Jéthro alikuandikia ile habari, na wewe ulijibu kama umecheka mupaka Josaphat akatoka kuangalia ni nini.

Nyuma ya mwezi ilifuata Jupiter na miezi yake ine, kisha vitu vingine ambavyo majina yake sikushika. Mais kitu alichokipenda kupita vyote ilikuwa ile galaksi ya upande wa kusini, ile alikuwa anaita themanini na tatu, juu njo namba yake katika vitabu. Aliniambia kama nyota zote tunazoona kwa macho ni za muji mumoja, muji wetu, na ile galaksi ni muji mwingine kabisa, mbali inje, unajizungusha kama maziwa katika chai wakati unakoroga. Alisema mwangaza wake unatembea miaka milioni kumi na tano mbele ya kufika katika parcelle yetu. Alikuwa anafurahi pia juu mutu wa kwanza kuiandika aliiona akiwa katika Afrika, kule chini kusini kabisa, padri mumoja wa zamani. Alisema hayo yote, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya mashini ya kushona. «Tamar, kuya uone.» Ninaenda, ninaweka jicho, sioni kitu, ninasema nimeona, ninarudia kwa kazi yangu. Yeye alijua. Aliniacha tu.

Mwenye alikuwa anamusikiliza ni wewe. Wewe njo ulimukomalisha wakati mama yenu alikufa, na hata alipokuwa mwalimu mwenye ndevu ulikuwa unamuongelesha kama mutoto wa kuosha miguu. Wakati mimba hii ilikushika, na docteur akaamuru ulale kitandani mupaka mwisho juu ya zile mbili zilizotoka, ulianza kumuandikia kila jioni: Galaksi yetu iko namna gani leo? Na yeye alikuwa anakujibu mbele ya kula. Nilikuwa ninamugombesha, ninamuambia bugali inapoa. Alisema, «Yaya yangu analala anaangalia plafond ya chumba siku muzima. Acha nimupatie kitu ingine ya kuangalia.»

Unajua hali ya masomo kule alikuwa anafundisha. Mwalimu analipwa na bazazi ba banafunzi, na bazazi bengi balikuwa bamekimbia vijiji vya njia ya Eringeti, hata chakula cha jioni kwao ilikuwa shida. Donc tulikuwa tunaishi na sindano yangu, na lile shamba la kakao ambalo Baba aliacha kule Mabalako. Muda murefu hakuna mutu alilikanyaga. Mwezi wa ine batu balianza kusema kama kule kumetulia, kama askari bako kwa barabara, na kama kakao inaivia kwa muti na kuozea pale pale. Vagheni, jirani yetu mwenye shamba lake linapakana na letu, alienda mara moja na kurudia na mifuko imejaa. Jéthro alisema atamusindikiza siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya kanisa, juu hakuna masomo.

Ninakumbuka alikunywa chai amesimama. Simu aliiacha nyumbani, kule shambani hakuna réseau. Alimuambia Providence asiguse darubini. Mimi alinipa mukono kama pasta anaagana na batu kwa mulango wa kanisa, ili nicheke, na nilicheka. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki ya Vagheni, bakaondoka.

Yaya, mushike Mama Rébecca mukono.

Jéthro alikufa siku ile. Mudogo wako hayuko tena, tangu mwezi wa ine.

Vagheni alinisimulia vile ilikuwa. Balikuwa banakata kakao, kila mutu kwa mustari wake, banaongea bila kuonana juu ya majani. Jéthro alikuwa anamueleza habari ya munafunzi mumoja mwenye anajua sana hesabu, na katikati ya neno akanyamaza. Vagheni alifikiri anakunywa maji. Kisha alisikia sauti ya batu asiobajua, akajitupa katika mufereji, akalala mule ndani ya matope mupaka jua likashuka. Siku ile bale ba pori benye silaha baliua batu bengi katika mashamba ya kando kando. Kesho yake vijana ba Mabalako baliingia kubatoa. Hakukuwa njia ya kubaleta Beni, balizikwa kule kule, nyuma ya kanisa. Vagheni aliniletea kofia ya bwana yangu. Aliniambia kama Jéthro hakuteseka, na mimi niliamua kumuamini. Vagheni mwenyewe leo hataki tena kusikia neno kakao. Anafanya kazi ya matofali.

Kilio tulikifanya Beni, katika parcelle yetu. Baba alitoka Butembo na kufika macho makavu. Bamama ba kanisa balijaa nyumba muzima, banaimba, na mimi nilikuwa nimekaa chini kwa mukeka. Giza ilianza kuingia. Hapo simu ya Jéthro ikawaka juu ya mashini yangu ya kushona. Ilikuwa wewe. Galaksi yetu iko namna gani leo?

Nilipiga kelele ambayo hata siku Vagheni alileta habari sikuipiga. Baba alichukua simu, akasoma, akatoka nayo inje na kumuita Josaphat. Sikusikia Josaphat alisema nini, mais nilisikia Baba anasema, «Basi tusizike babili.» Docteur alikuwa amesema wazi kama mushituko mukubwa unaweza kutoa mimba. Balikuogopea pia juu ya njia. Balijua ukisikia tu, utashuka kitandani na kupanda bisi ya Kasindi, na ile njia vile iko unaijua. Baba alirudia ndani, akaniwekea simu mukononi, akaniambia nijibu. Nilimuuliza nitajibu nini. Alisema, «Andika kama kuko mawingu.»

Nilikataa. Nilimuambia kama yeye ni muinjilisti, kama alitufundisha bote kusema ndiyo kwa ndiyo na hapana kwa hapana. Alinijibu, «Mungu ataniuliza mimi. Hatakuuliza wewe.» Niliandika: Leo kuko mawingu, yaya. Na wewe ulijibu: Hapana mbaya, mudogo wangu, basi kesho.

Tangu jioni ile Baba hajaomba mbele ya batu. Banamuita mbele, anatikisa kichwa, anabaki kwa benchi ya nyuma. Pasta anafikiri ni huzuni ya kupoteza mutoto. Mimi ninajua kama ni haya ya ule uongo.

Siku ya pili niliandika mawingu, na ya tatu mawingu, mupaka wewe ukauliza kama Beni ilikuwa lini na mawingu ya namna hii, ao darubini imeharibika na tunakuficha. Hapo nilielewa kama mawingu haitatosha. Mwezi wa tano Baba alitutoa Beni, mimi na Providence, tukakuja kukaa kwake. Njo ile message uliyopata, kama Jéthro amepata nafasi ya mwalimu mumoja mugonjwa huku Butembo. Kuhama ilikuwa kweli. Mengine ilikuwa mimi. Kila message uliyopata kwa jina lake, tangu jioni ya kilio mupaka juma lililopita, niliiandika mimi Tamar.

Ndani ya simu yake kulikuwa michoro aliyofanyia banafunzi, na mishale ya kuonyesha njia. Nilijifunza ile nyota nyeupe yenye inasimama karibu juu ya kichwa, banaiita Spica. Nilijifunza ule musalaba wa nyota wenye unasimama juu ya milima ya upande wa Lubero. Galaksi iko katikati, mahali ambapo macho haioni kitu hata kidogo. Nyuma ya chakula, Providence akisha kulala, Baba alikuwa anashika miguu ya darubini juu upepo wa mulima unaitikisa, na mimi ninazungusha. Jioni nyingi sikupata kitu. Hapa Butembo ukungu unapanda kutoka mabonde jua likiingia tu, na ninyi batu ba hapa munaujua.

Basi nilikuandikia kufuata picha. Nilisema nimeona mikono ya galaksi imejikunja, nimeona alama nyekundu juu ya mikono. Ulijibu: Jéthro, wewe mwenyewe uliniambia darubini yetu haina nguvu ya kuonyesha mikono, sasa imekunywa dawa gani? Nilijibu kama nilikuwa ninakujaribu, nione kama ungali unakumbuka. Ulicheka. Tangu pale niliacha picha, nikaamua kuona kwa macho yangu.

Ilikuwa mwezi wa sita, nyuma ya mvula moja iliyosafisha hewa. Niliiona. Yaya, si kitu kikubwa. Ni kama vile mutu amepumua juu ya kioo. Ukiitazama moja kwa moja inapotea, ukitazama pembeni kidogo inarudia. Nilisema kwa sauti, «Jéthro, nimeona,» na Baba alikuwa pale, ameshika miguu ya darubini. Nilimuachia nafasi. Alitazama muda murefu, akasema macho yake imezeeka, haoni. Kisha akaingia ndani. Mimi nilibaki kwa baridi na kukuandikia: Nimeiona. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililokutumia kuhusu galaksi yetu, na katika nyumba hii hakukuwa mutu ingine wa kumuambia.

Kulikuwa siku ulipiga simu kwa namba yangu bila kutuma message mbele, na Providence akaishika nikiwa kwa kisima. Nilirudia nikamukuta anaongea na wewe. Ulikuwa umemuuliza papa yake yuko wapi. Alikujibu kama papa yuko anaangalia nyota, hawezi kuja sasa. Hakuna mutu alimufundisha lile jibu. Sikumuuliza alitaka kusema nini, na mupaka leo ninaogopa kumuuliza.

Uliomba pia sauti yake. Nilisema micro ya simu imekufa. Uliomba tena, ulikuwa na homa, uliandika kama unaota ndoto mbaya na unataka kumusikia hata kidogo. Nilitafuta katika simu, nikapata sauti moja aliyorekodia banafunzi, anabaeleza ile galaksi ni nini, na nyuma yake mashini yangu inasikika. Niliituma kwa simu yangu, nikaicheza, nikairekodi na yake, nikakutumia na kusema micro imepona kidogo. Ulijibu kama sauti imenenepa, inaonekana Butembo banamulisha vizuri. Hii ya sauti Baba hakuniagiza. Niliifanya mimi mwenyewe, na ile jioni nililala na simu kwa sikio.

Sasa ninafika kwa kitu ambacho hata Baba hakukijua.

Mwezi wa munane ulizaa. Josaphat alipotuma habari, tulipiga magoti wote watatu. Aliomba tungoje kidonda kifunge. Kisha siku ingine alipiga, akasema sasa umepata nguvu, tunaweza kukuambia, na yeye amechoka kukuangalia usoni. Baba aliniambia niandike barua, na Mama Rébecca ataibeba. Nilikubali. Mama Rébecca alisafiri ile safari, na mimi nilijificha kwa muteja wangu mupaka nikajua bisi imeondoka. Nilimuambia Baba kama barua haikuwa tayari. Na jioni nilikuandikia tena, kwa jina la Jéthro, kama galaksi imeanza kushuka upande wa magharibi, inakawia kidogo tu na kuzama.

Wakati ule hakuna mutu alinilazimisha. Mutoto alikuwa mukononi mwako. Sababu ya uongo ilikuwa imekwisha. Niliendelea juu nilitaka kuendelea. Hapa batu bote bananiita mujane. Banasema marehemu. Banasema alikuwa mwema, alikuwa mupole, hakugombana na mutu. Ni wewe peke yako ulikuwa ungali unamugombesha. Ulikuwa unamuambia anyoe zile ndevu, avae koti juu ya baridi. Unamuuliza kama Tamar anamupikia ao anashona tu. Na mimi nilikuwa ninakujibu vile yeye angejibu, kila neno nilikuwa ninalijua. Ile saa ya jioni nilikuwa ningali na bwana yangu. Yaya, nilikunyima kilio cha mudogo wako ili nibaki na yeye kidogo. Sina jina ingine la kuita kitu nilifanya.

Kisha, juma lililopita, uliandika kama mutoto atapelekwa mbele ya kanisa, na kama unataka mujomba wake achague jina. Uliandika: Uchague wewe, mimi nitaliitika hata likuwe gani. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya simu. Nilikuwa nimeshapata hata jina, zuri. Mais nilifikiri yule mutoto atatembea na lile jina maisha yake yote, na siku moja atauliza ni nani alimupatia, na wewe utamuambia ni mujomba. Sikuweza.

Niliamka, nikamupelekea Baba simu, nikamuambia yote, hata ile safari ya Mama Rébecca. Hakunigombesha. Alivaa miwani, akasoma message zetu pole pole, zako na zangu, tangu ile ya mawingu. Kwa zingine alitabasamu, juu niliandika kama Jéthro kabisa, hata makosa yake. Alipofika kwa ile ya jina alitoa miwani, akalia. Siku ya kilio hakulia, Yaya. Alilia sasa, amekaa kwa kiti chake, kama batoto banavyolia, kwa sauti, na Providence akakuja kumufuta uso na pindo la robe yake. Kisha akaniambia, «Leta karatasi.» Alikaa mbele yangu mupaka nikaanza kuandika.

Anaomba ukasirikie yeye mbele ya kunikasirikia mimi. Anaomba usimufungie Josaphat mulango. Miezi yote ile alilala karibu yako na hii kitu katika kifua, na kila asubuhi alikuwa anatoka inje kutuuliza kwa simu tumekuandikia nini, ili asikosee. Jina la mutoto mutalichagua ninyi babili, na Baba ataliandika katika Biblia ya nyumba vile mutamutumia.

Usikuje sasa. Mabalako batu bamekimbia tena, na hata sisi hatujaweza kufika. Vagheni anasema kaburi lina musalaba wa muti na jina limeandikwa vizuri. Siku njia itafunguka tutaenda pamoja. Simu ya Jéthro Baba aliizima. Yangu iko, namba unayo. Kama unataka kunitukana unitukane, mais usininyamazie, ninakuomba.

Neno moja la mwisho. Baba aliongea na pasta, na pasta alipokubali baliongea na jamaa na bamama ba kanisa. Siku utapata hii barua, Mama Rébecca atatupigia simu ukimaliza kusoma. Hapa tutatandika mikeka katika parcelle ya Baba na kufanya kilio cha Jéthro tena, kile ulichokosa. Vagheni atakuja kutoka Beni. Wakati wewe unalia kule Kampala, ujue kama dakika ile ile huku pia tunalia, na simu tutaiacha wazi ili usikie benzako banaimba.

Baba anakusalimia, Providence anakusalimia, na Vagheni alisema nisisahau jina lake. Umusalimie shemeki Josaphat. Kama mutoto ameamka, umunyonyeshe kwanza, kisha ulie.

Mimi Tamar,
mujane wa mudogo wako Jéthro.